Usilioshe Kwanza

Nilinunua makopo mawili ya rangi nyekundu
maua ya kaburi la mjomba Rosendo yakiwa bado mabichi.
Dada yangu Nélida akayatazama makopo, akanitazama mimi,
akasema: Rudisha ndoo na sabuni. Usilioshe kwanza.

Lilikuwa ghalani, nyuma ya marobota ya sufu,
gari la Kijerumani la kiwanda kilichokwisha kufa,
matairi yamelala kama ndala,
kuku wawili wakitaga kwenye kiti cha nyuma
pale alipokuwa akipanga chupa za dawa
za kupeleka mashambani, Tacuarembó nzima,
mvua inyeshe isinyeshe.

Mimi niliona wanunuzi wa Montevideo wakipigana vikumbo.
Yeye aliona swali.

Akaja Eulalia Barreneche, zamani karani wa forodha,
sumaku yake kaivisha soksi ya mtoto isikwaruze.
Hakulisifu. Alilipapasa ubavuni
kama daktari wa mifugo apapasavyo ng'ombe mwenye mimba:
hapa sumaku inang'ang'ania, chuma.
Hapa inateleza, puti.
Hapa tena puti, nene kama siagi.
Mlango wa kushoto, akasema, ni uongo mtupu.

Kisha akapiga magoti, tochi mdomoni,
akasugua kibati kwa kidole chenye mate,
akasoma tarakimu moja moja
kama anayehesabu fedha za mtu mwingine.
Namba ya injini ilikubaliana na namba ya bodi.
Giaboksi haikukubaliana na mtu:
ilitoka kwenye lori la maziwa.

"Yalitengenezwa machache?" niliuliza.
"Yaliyotengenezwa si kitu. Hesabu yaliyobaki.
Na uadimu peke yake hauna bei,
meno ya babu yangu nayo ni adimu."

Chini ya bawaba, kwa ncha ya sarafu, akakwangua:
nyeusi ya mjomba,
nyeupe ya mtu tusiyemjua,
halafu kijani hafifu, rangi ya zeituni changa.
Akapiga picha kila kitu, hata kutu.
Akaandika barua Bremen, kwa mtunza madaftari.

Miezi minne.
Nilipita ghalani kila jioni, msasa mfukoni,
kama mlevi mwenye senti.
Juu ya paa palikuwa na kiraka cha bati
kilichochomelewa ovyo, kovu la aibu.
Hicho, niliapa, nitakizika siku ya kwanza:
bati jipya, zima, laini, toka kioo hadi kioo.

Barua ilikuwa na mistari sita.
Wa tano ulisema: paa la turubai, la kukunjwa,
lilifungwa kiwandani kwa agizo la mnunuzi.
Nélida akapanda stuli, akagonga kiraka kwa ukucha.
Pembeni, chini ya gundi na kinyesi cha popo,
reli mbili nyembamba za kukunjia mbingu.

Mjomba aliziba mvua, basi.
Dawa zilikuwa zinalowa.

Barreneche akaandika hesabu nyuma ya pakiti ya sigara:
bei lilivyo, na kuku wake;
bei likitengenezwa sawasawa;
halafu gharama ya kulitengeneza,
iliyozimeza zote mbili bila kutafuna.
"Na likiwa jekundu?" nikauliza, kwa sauti ndogo.
Hakuandika kitu.

Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hili halikujiuza wala kujitembeza,
lilikaa tu ghalani na namba zake.

Bado hatujaamua. Nélida anataka kuuza, kesho hataki.
Mimi nimejifunza kuinua boneti bila kugusa vumbi.
Mlango wa banda la kuku sasa ni mwekundu,
nimeupaka mikono miwili, unaonekana tangu barabara kuu.
Kuku hawaingii.
Wanataga palepale, kiti cha nyuma,
na kila yai tunalolitoa
tunalitoa polepole, tusichane kitambaa.