Nyumba ya Julai

Dalali alitushauri tungoje Septemba,
"mipichi ikichanua, mtaipenda wenyewe."
Ndiyo maana tukaja Julai,
Njombe, alfajiri, sakitu imelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa kwa hasira.

Atuganile hakutazama bati wala rangi.
Alivua viatu, akasimama pekupeku sebuleni,
akawasha kiberiti, akaufuata ulimi wa moto
unakoinamia.
Dirishani ukazimika. "Laki mbili," akasema.
Chini ya mlango ukazimika.
"Laki mbili nyingine."

Mama Mwalongo hakubisha.
Alijitanda blanketi, akatuingiza jikoni:
ukuta wote masizi,
isipokuwa kipande kimoja cheupe,
upana wa mgongo.

"Hapo aliegemea mwenyewe, miaka kumi na tisa.
Na huo ufa kando yake sikuuziba.
Hupiga mluzi mvua ikiwa bado Makambako,
naye alipenda kunitangulia kusema: anua nguo."

Dalali alikohoa. Nikamtazama mke wangu,
mkono wake karibu na ufa,
vidole vimekufa ganzi.

"Kiberiti kimeisha," akasema,
akakitia mfukoni,
na njiti zikalia ndani yake.