Hakuna Kitu

Kila Jumatatu Hrachik anamtandika farasi
kabla jua halijauvuka mlima wa Javakheti,
anampapasa shingo, anamnong'oneza kwa Kiarmenia
maneno ambayo hata mkewe hayajui,
kisha wanashuka kwenye mkanda wa nyasi
usiopandwa mti, usiojengwa ukuta,
upana wake hatua arobaini na nne. Amezihesabu.
Chini ya kwato, udongo; chini ya udongo, chuma;
ndani ya chuma, pumzi ya Bahari ya Kaspi
inakimbilia magharibi, haipigi hodi kwa mtu.

Kazi yake ni kutazama:
nyasi zilizonyauka bila sababu,
trekta lililosimama pasipostahili,
mtu mwenye sururu na haraka.
Jioni anaandika daftarini: Hakuna kitu.
Miaka kumi na mitatu ya hakuna kitu,
na ndicho anacholipwa.

Mwaka huu wamekuja kulaza bomba la pili
ubavuni mwa la kwanza.
Mahitaji yamepanda, alisema Otari, mhandisi,
kijana wa mjini ambaye viatu vyake havijaonja tope.
Akakunjua ramani juu ya boneti ya gari,
kidole kikaruka nchi tatu
kama mtoto arukaye madimbwi:
huku watapikia, huku watayeyusha kioo,
huku hospitali nzima italala na joto.
Hrachik akakitafuta kijiji chake.
Kilikuwa chini ya kikombe cha kahawa.

Na sisi? aliuliza.
Si kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aulizaye saa.
Presha ni kubwa mno, mzee.
Kuipunguza iingie nyumba sitini
kunataka kituo chenye bei
kuliko hizo nyumba sitini.
Hesabu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomkera.

Nyumbani Aghavni anakanyaga samadi na majani makavu,
anakata matofali, anayapanga juani,
ukuta mweusi wa majira ya baridi.
Hamlaani mtu. Fidia ya bomba la kwanza
iliezeka paa, ikamsomesha binti ukunga.
Ila macho yake yanachuruzika moshi,
na tanuri lao la mkate, lililochimbwa uani
na babu wa babu, limepasuka mdomo.

Mfereji ukasonga. Wachomeleaji wakaja,
na kati yao Rovshan, kutoka Ganja,
ng'ambo ya vita ambavyo hawakuvitaja.
Walikuwa na Kirusi kibovu, sigara,
na farasi, ambaye hakuuliza kabila.
Siku moja Rovshan alikata ncha ya bomba
ili viungo vilingane;
pete ikaanguka, shubiri mbili kimo,
ikazunguka, ikaimba, ikalala.
Mke wako ana tanuri? Kwetu pia tunalo.
Hakusema zaidi.

Farasi aliiburuta usiku kwa kamba na gunia.
Aghavni akaipiga magoti, akaipima kwa mikono:
ilikaa kama kofia ya mwenyewe.
Akaiziba kwa udongo wa mfinyanzi na manyoya ya mbuzi,
akaomba iache kunuka rangi.

Alhamisi Otari alikuja na orodha.
Kipande kimoja hakionekani.
Umeona chochote njiani?
Hrachik alilifungua daftari,
akalamba ncha ya penseli,
akaandika polepole, herufi za mtu mkweli:
Hakuna kitu.

Sasa samadi inawaka ndani ya chuma
kilichokusudiwa gesi ya watu wengine.
Mkate mwembamba unabandikwa, unafura, unabanduliwa.
Mmoja amefungwa katika kitambaa
kwa ajili ya mtu wa Ganja,
ingawa mfereji umeshafika bonde la tatu
na farasi ana miguu ya kufika mawili tu.
Huenda akaukuta ukiwa mgumu.
Mkate mgumu huloanishwa.
Chini yao, mabomba mawili sasa,
na Aghavni, akiwa amelala, anadai anayasikia.
Hrachik anamwambia ni upepo.