Kurasa Nane za Mwisho

Kabati la Mwalimu Chitanda lina kufuli,
lakini ufunguo ananiachia mimi,
maana kidato cha pili kizima, hapa Newala,
ni mimi peke yangu ninayerudisha vitabu,
na nikirudisha, narudisha na maneno.

"Haya, Somoe. Leo umekuja kumhukumu nani?"

Huyu, aliyeandika vita.
Kurasa mia tatu na kumi, mwalimu,
na jemadari hajasikia njaa hata siku moja.
Anapanda kilima, anahutubia mawingu,
risasi zinamkwepa
kama mdaiwa anavyomkwepa mwenye duka.
Jeshi zima linakula. Linakula nini?
Nani alitwanga? Maji yalipandishwa kutoka bonde gani?
Sisi wa huku juu tunaijua ndoo,
tunajua shingo inavyoingia mabegani.
Nimeitafuta ndoo kitabu kizima.
Nikaipata moja, ukurasa wa tisini:
inamnywesha farasi.

Farasi! Katika nchi ya mbung'o!

Nilimsomea mama sura ya kwanza
akibangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu.
Akauliza, "Na ming'oko wamechimba wapi?"
Hawakuchimba, mama.
"Basi hao hawakupigana. Walipiga picha."

Ila ukurasa wa mia mbili na sita nililia.
Mpagazi wa chumvi anarudi, anaambiwa
kijiji chake hakipo.
Naye anauliza, mzigo ungali kichwani,
"Hakipo vipi?"
Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.
Maneno mawili, mwalimu.
Hotuba zote zile angeziuza kwa kilo.

"Na huyu wa upelelezi?"

Nampenda, simwamini.
Koti refu, msimu wa korosho, jua hili?
Eti anamjua mtu kwa jivu la sigara.
Hapa Luchingu mgeni akishuka stendi,
hajanywa maji, tumeshajua
ni mpwa wa nani na nauli kakopa wapi.
Magunia ya ghala la ushirika yalipopotea
hakuna aliyeuliza ni nani.
Tulimjua. Tulimsalimia. Tulikula pilau yake.
Kitabu changu mimi kingeanzia hapo,
kwenye pilau.

Halafu, mwalimu, kuna jambo la aibu.
Ukurasa wa 184, wote wamekusanywa sebuleni,
mvua inapiga bati, mpelelezi anasema,
"Muuaji yumo humu ndani, na jina lake ni"

gundi kavu.
Kurasa nane zimenyofolewa.

Basi nikawa mpelelezi, bila koti.
Alama ya kwanza: doa la mafuta kwenye jalada.
Alama ya pili: Bi Nampanye wa stendi,
anayefungia korosho za kukaanga
karatasi yoyote ambayo Mungu amempa.
Nilinunua vifuko vinane kwa pesa ya daftari.
Nikala hadi taya zikagoma.
Kimoja kilikuwa risiti ya mbolea.
Viwili, mahudhurio ya darasa la nne.
Kimoja mtihani wangu wa hisabati,
thelathini na moja, wino mwekundu.
(Hiyo nayo kesi, lakini si ya leo.)
Cha nane kilikuwa ukurasa wa 191,
umelowa mafuta, unapitisha mwanga.

Nao unasema hivi tu:
mvua imekatika,
mama mwenye nyumba amebaki peke yake,
anamwaga chai iliyopoa,
anakusanya vikombe, anavihesabu,
anakaa.

Jina hakuna.

Sijui nani aliua.
Najua vikombe vilikuwa sita,
najua kuna mtu aliyebaki kuviosha,
na yule wa farasi, katika vita yake yote,
hakuniachia kikombe hata kimoja.

"Nikuagizie nakala nyingine kutoka Mtwara?"

Subiri kwanza, mwalimu.
Watu saba sebuleni, vikombe sita.
Niache kidogo.