Hatukutua

Boti la Idjwi likifika Muhanzi gizani
linatukuta tumeshapanga mstari,
kila mmoja na kamba yake shingoni.
Mihogo. Makaa. Ndizi za kupika.
Unachuchumaa, unalivika paji kamba,
unasema "haya basi", kwa Mungu au kwa magoti, sijui,
unasimama. Kilo sabini.
Toka ziwani mpaka soko la Kadutu ni mlima mtupu,
na mwenye gunia, akiwa ameamka vibaya,
anakulipa nusu, na matusi kama nyongeza.

Gusa hapa, kwenye paji. Usiogope.
Mfereji huu mvua inapita ndani yake.
Mama yangu alizikwa nao.
M'Birhali anao. Wa Cibalonza ulikuwa kidonda,
kidonda kikawa ngozi.

Redioni nilisikia kuna pande za watu
ambako msichana hukatwa ndipo aitwe mwanamke,
na kwamba mama za huko sasa wamegoma,
ngariba amebaki na wembe unaoota kutu.
Niliwapigia vigelegele moyoni,
maana mdomo ulikuwa na kazi ya kuhema.
Kwetu hakuna wembe.
Kwetu kuna kamba. Kamba, na ng'ombe wa mahari.

Basi tukaweka kopo la maziwa kwa M'Birhali,
franka mia mbili kila jioni, mvua au jua,
ya minervali ya mabinti.
Hesabu tulifunga mafundo kwenye uzi
mpaka panya akala uzi, akala na mwezi wa tatu mzima.
Ndipo Nsimire wa Cirhuza akaleta daftari.
Miaka kumi na mitano, darasa la mbele,
mwandiko mdogo kama mayai ya chawa.
Alitusomea majina yetu kwa sauti.
Cibalonza akasema: rudia langu.

Mwaka wa kwanza tulichelewa. Wawili waliolewa
kabla kopo halijafika nusu.
Sisemi majina yao. Nakutana nao sokoni.

Halafu akaja mtu wa Kamituga, mchimbaji,
meno mawili ya dhahabu, ng'ombe watano,
na mmoja alitangulia, akachinjwa, akaliwa
kabla Nsimire hajaambiwa nyama ile ni ya nini.

Nitasema kweli: hatukwenda kwa sababu ya wema.
Tulikwenda kwa sababu ya daftari.
Nani angetuandikia?
Njiani ndipo wema ulitukuta,
pale kwenye ngazi za udongo, kwenye utelezi,
kila mmoja akikumbuka siku yake mwenyewe
na hakuna aliyeisema.

Kumi na mmoja tuliingia uani kwa Cirhuza
na magunia ya watu mgongoni.
Akatoka na taa. "Tueni, mama. Karibuni, tueni."
Hatukutua.
"Ni mvua hii, tueni!"
Hatukutua.
Mgeni akisimama na mzigo mlangoni kwako
majirani wanahesabu.
Madirisha yakafunguka moja, moja.
Shingo zetu zilikuwa zinalia kama milango.
M'Birhali alisema tu: "Mtoto amalize shule."
Akanyamaza. Maji yakapita mferejini mwake.

Cirhuza alitazama chini muda mrefu.
Si mtu mbaya. Ni mtu aliyekula ng'ombe.
"Na yule niliyemla," akauliza, "nitamtapika?"

Hapo tukatua. Gunia moja lilipasuka, 
tukaokota mihogo hadi usiku, yeye akishika taa.

Leo Jumamosi Nsimire yuko mezani kwa M'Birhali,
anatufokea kwamba jumla haikubali,
mtu amesahau mia mbili zake.
Paji lake ni laini. Lina chunusi tatu.
Kwenye ukurasa wa mwisho ameandika:
*Ng'ombe wa Kamituga. Tumelipa kichwa,
tumelipa shingo na miguu ya mbele.*
Chini yake, nafasi.
Kesho boti linakuja na makaa.