Mawe Manne ya Mamkuu

Mawe ya redio yalianikwa juani pamoja na papa,
manne, juu ya dari la nyumba yetu ya Langoni,
nami nikawekwa mlinzi:
paka wasile papa, watoto wa jirani wasiibe mawe.
"Jua huyarudisha roho," alisema Mamkuu,
na kweli ilirudi, kwa robo saa,
au nusu, ukiyang'ata kidogo matakoni.

Redio yenyewe ilikwisha kupoteza kitufe,
tukawa twaizungusha kwa koleo.
Mkonga ulivunjika siku ya harusi ya Saumu.
Baba akaunga waya, akaupitisha dirishani
hadi kwenye msumari wa kamba ya nguo,
basi shuka zikiwa mbichi tulipata Mombasa,
zikikauka
Mogadishu iliingia, ikatukalia kitako.

Alhamisi, saa kumi, salamu.
Mtangazaji alizisoma kadi bila kupumua,
fulani wa Faza, fulani wa Witu,
awasalimu fulani na fulani na wote wamfahamuo,
na Mamkuu, sindano ya kofia imesimama hewani,
aliwaitikia.
Wa Faza, marahaba.
Wa Witu, marahaba mwanangu, mama hajambo?
Watu asiowajua, wasiojua kama yupo.

Kadi yake ilikuwa na miezi mitatu njiani.
Niliiandika mimi, kwa kalamu ya bluu:
Kwa Lali Famau, popote alipo Mombasa.
Mamako yu mzima. Mlango haufungwi.
Chini kabisa, bila ruhusa,
nikatia na jina langu.

Siku ilipofika, hatukujua ndiyo siku.
"Na kadi hii," akasema yule bwana,
"imetoka Langoni, Lamu, kwake Bi..."
Kisha sauti ikanyong'onyea,
ikawa ya mtu anenaye ndani ya mtungi,
ikawa mchanga,
ikawa si kitu.
Mamkuu akaipiga kofi.
Akaipiga la pili.

Ng'ambo ya kichochoro alikaa Bi Mwanashee.
Mwaka wa pili huo hawasemezani,
kisa maji ya karo, yametoka kwa nani yakaingia kwa nani.
Kichochoro chenyewe, punda akipita
watu hujibandika ukutani kama matangazo;
kikohozi chake tulikijua, naye alijua chetu.
Tukasikia kiti kikiburutwa.
Tukaona mkono, bangili mbili, ukiipandisha redio dirishani,
uso wake spika umetuelekea sisi,
na sauti ikafunguliwa hadi mwisho:

"...Famau, popote alipo Mombasa.
Mamako yu mzima. Mlango haufungwi.
Na salamu pia kutoka kwa Bunju."

Bunu! Mimi ni Bunu!
Mamkuu akanitazama kitambo, hakuuliza.
Akaichukua sindano, akashona tundu tatu.
Halafu, bila kugeuza shingo kwenye dirisha:
"Ndoo, mwanangu. Mpelekee yule mwanamke papa."

Ami Lali alirudi mwezi wa Rajabu.
Alisema hakusikia kitu;
saa ile alikuwa gatini, akipakua saruji.
Lakini mwuza kahawa alimwambia umetafutwa.
Kinyozi alimwambia.
Mpaka mtu aliyekuwa akimdai
alimdai kwanza, kisha akamwambia.
Watu saba, alihesabu,
na wa saba alimlipia nauli.

Sasa simu yangu ina stesheni za dunia nzima.
Naweza kumsimamisha mtu katikati ya neno,
niende nikaoge, nirudi, amalize.
Sikosi kitu.

Lakini juzi, nikitoka sokoni,
dirisha moja lilikuwa likisoma majina.
Nikapunguza mwendo.
Likaja la Kizingitini, likaja la Mokowe,
nikasimama na kikapu changu kumngojea wa Faza,
mpaka mwenye punda, nyuma yangu, akapiga kelele nimpishe.
Nikajibandika ukutani.
Marahaba, nikasema, polepole,
maana punda alikuwa akipita
na mtangazaji hangoji mtu.