Majina Thelathini na Mawili

Ulimi, wanasema, hauna mfupa.
Kidole gumba kinayo miwili, nimeihesabu,
na bado kiliteleza
saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi
katika chumba cha makoti cha shule yetu, Võru,
theluji ikiyeyuka chini ya kulabu
na Uku Pärtel ameinama, anafungua zipu
ya buti za mama yake.

Buti za zambarau. Zenye kisigino.
Sikuandika neno. Picha tu,
na kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi.
Kabla sijavaa ndara za darasani
ilikwisha kufika ghorofa ya tatu.

Mwalimu Helve hakupaza sauti.
Tulingojea somo lile la kila Februari:
filamu fupi, polisi mwenye tabasamu,
nywila ndefu, usimpe mgeni anwani yako.
Yote hayo nayajua. Mtihani wake nilipata tisini na sita.
Akaniita mezani.
"Umeifuta?"
Nimeifuta, nikasema, na nilisema kweli.
"Umefuta yako."
Akavuta droo, akatoa daftari la karatasi,
la mistari, la bei ya peremende.
"Nyingine zote kazitafute. Kwa miguu."

Kwa miguu! Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Nilianza kwa Kertu, kwa kuwa ni rafiki.
Akafuta huku anacheka. Nikaandika: moja.
Kertu alimpa Joosep,
Joosep akawapa timu nzima ya mpira wa kikapu,
na kila mchezaji ana dada, ana binamu,
ana mtu wa kumfurahisha kabla ya kulala.
Mlango kwa mlango, kofia mkononi,
nikajifunza kusema sentensi
ambayo kwenye simu ni sekunde tatu
na mlangoni inakula uso mzima:
Nilipiga picha isiyo yangu. Naomba uifute.

Nyumba ya kumi na tisa alifungua bibi.
Mjukuu hayupo. Picha gani hiyo?
Ni mvulana, nikasema, anavua buti.
"Kinachochekesha ni nini?"
Nikasimama pale kizingitini nikikitafuta kichekesho
kama mtu anayejipapasa mifuko, ufunguo haupo,
na bibi wa watu anangoja,
joto la nyumba yake linatoka nje kwa ajili yangu.

Wa thelathini na moja, Ragnar, aliifuta.
Ila alikuwa ameshamtumia shangazi yake aliye Oulu,
na shangazi ana kazini kwake watu arobaini.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Lakini maji, angalau, hukauka.

Mwalimu alipitia majina kwa ncha ya penseli.
"Kuna mmoja hujamwandika."

Nilimkuta maktabani, upande wa radieta.
Alikuwa nayo. Alikuwa nayo pamoja na majina
ya wote waliocheka, yamepangwa kwa saa,
langu juu kabisa, saa mbili na kumi na mbili.
"Mimi sifuti," alisema Uku. "Hii ni yangu."
Akafunua ukurasa wa kitabu chake, akaurudisha.
"Zangu zilipasuka soli.
Hizi zina manyoya ndani."
Basi. Hakunisamehe, na mimi
sikuwa na ujasiri wa kuomba.
Niliandika jina lake, la thelathini na mbili,
na kwenye safu ya *imefutwa* nikaacha weupe.

Mwalimu Helve hakunipa alama. Daftari hakulitaka.
Liko kwangu, chini ya chaja,
na kurasa za nyuma bado tupu.

Juzi Kertu alinitumia video:
mtoto nisiyemjua, wa mji nisioujua,
anaanguka kwenye barafu, anainuka, anaanguka tena.
Nilicheka. Sitadanganya, nilicheka.
Kidole gumba kilikuwa tayari hewani.
Mfupa wa kwanza.
Mfupa wa pili.
Nikawa naangalia ana buti gani.