Akiba Haiozi

Akiba haiozi, nikijisemea,
kila nilipofunga kamba boksi jingine
na kulisukuma chumba cha nyuma,
kile kinachotazama wadi, hapa Al-Khoudh.

Imeoza.
Mpini wa sanduku umebaki mkononi mwangu,
sanduku lenyewe limebaki sakafuni.
Ghaniya, binti wa kaka yangu, kashika kiuno mlangoni:
"Shangazi, hiki chumba au kaburi?"
Sikumjibu, nilikuwa nahesabu:
makopo ya halwa kumi na tisa, matupu,
rimoti tatu za viyoyozi vilivyokwisha kufa,
dawa za mama, za mwaka aliotangulia,
kanda za harusi za watu walioachana,
na sinia lililotoboka, linamngoja fundi
aliyerudi kwao Kerala tangu mwaka wa Gonu.

Mie mshona kofia.
Niseme kweli: nilikuwa.
Miaka sita sindano yangu haikuona kitundu.
Nikisingizia macho, nikisingizia joto,
nikisingizia hariri ya siku hizi, haina nguvu.
Kumbe kila nikikaa kushona
mlango ule wa nyuma unaniita kwa jina:
njoo unipange, njoo unifute vumbi, njoo ukumbuke.
Na mtu anayeitwa kutwa
haoni ua linapoanzia.

Tukaanza Jumamosi, baada ya alfajiri,
jua halijawa adui.
Ghaniya na mifuko, mie na visingizio.
Hili? Huenda nikalihitaji.
Hili? La marehemu.
Na hili?
Hili silijui.
Tukacheka hadi nikakaa chini,
maana hilo nisilolijua nimelihamisha
Ruwi hadi Mabela, Mabela hadi hapa,
tena nikiwaonya wapagazi: polepole, lisivunjike.

Saa tano gari la hisani likafika.
Mofizul akaliinamia kabati, akalibeba mgongoni,
akapita nalo kiubavu
kama mtu anayemtoa mgonjwa.
Nililia? Kidogo.
Sikulilia kabati.

Jioni nikaingia peke yangu.
Nikasema Bismillahi, na chumba kikanirudishia.
Kumbe kuna dirisha. Nilikuwa nimelisahau.
Mwanga ukaingia bila kubisha hodi,
ukakaa sakafuni, ukanyoosha miguu.
Nikatandika mkeka, nikaweka kitambaa cheupe,
sindano, uzi.

Ungedhani nilishona usiku ule.
Sikushona. Siku tatu
nilikuwa nakaa tu na kikombe cha kahawa.
Utupu nao una adabu zake,
kama mgeni wa kweli: hasemi shida yake
kabla ya kahawa ya tatu.
Ila nililala. Hilo niliandike:
nililala kama mtoto aliyeoga.

Wiki ya pili nilikwenda soko la Sib.
Kwenye meza ya ndimu, muuzaji ameinama,
na kichwani mwake kofia.
Nikasimama.
Ua la saba lina majani manne badala ya matano.
Hilo ni langu. Uchungu wa Mundhir ulinikuta
nikiwa kwenye jani la tano, nikaitupa sindano,
na tangu siku ile nikaihifadhi kofia isije ikachafuka,
miaka ishirini na sita, ndani ya mfuko, ndani ya boksi,
nisijue siku iliyotoka na mifuko ya Ghaniya.
Sasa imelegea, ina jasho, ina vumbi la soko,
ina kichwa.

"Mama, unataka kitu?"
Nikamwambia: ndimu. Nusu riali.
Mie ninayebishania hata kotmiri,
siku ile sikuomba nyongeza.

Chumba cha nyuma sasa kina mkeka na dirisha.
Na boksi moja, Ghaniya halijui.
Msiniulize.
Usiku ule niliwasha taa, nikalamba uzi,
nikauingiza mara ya kwanza tu,
nikaanza na jani la tano.